Mfumo wa duka umekuwa mzito? Subiri kwanza usinunue ramu

Wateja wetu wengi hapa Tanga wakitupigia simu neno la kwanza ni hilohilo, "mfumo mzito, njooni mtuongezee ramu". Sawa, ramu tutakuuzia, biashara ni biashara, ila mara nyingi ukishaifunga mambo yanabaki vilevile maana uzito haupo kwenye kompyuta, upo ndani ya programu, kuna kipande kimoja kinakula muda wote na vingine viko freshi kabisa.

Na kipande chenyewe huwezi kukijua kwa macho. Developa anaweza akaapa kwamba ni lupu fulani, yaani kipande cha programu kinachojirudiarudia, akaiandika upya wiki nzima, halafu ripoti ikatoka na uzito uleule. Ndo maana sisi tunaanza na profaila, yaani programu ya kupima programu nyingine inakula muda wapi. Wala sio kitu kipya, profaila inayoitwa gprof ya kule Berkeley, Marekani, ilitoka mwaka 1982. Profaila inakaa pembeni programu ikiwa inafanya kazi, inaandika kila fanksheni, yaani kila kipande cha programu chenye kazi yake, imeitwa mara ngapi na imekula muda gani. Mfumo ulioandikwa kwa lugha ya PHP tunaupima kwa profaila ya Xdebug, wa lugha ya Python kuna cProfile ambayo inakuja humohumo ndani ya Python.

Chukua mfano wa duka la jumla pale Ngamiani. Kuuza kunaenda vizuri, risiti zinatoka, lakini ripoti ya mwisho wa mwezi ukiibonyeza unaenda kunywa kahawa unarudi bado inazunguka. Ukiweka profaila unaona fanksheni ya kutafuta jina la mteja, kafanksheni kadogo tu ambako hakuna mtu angekashuku, kameitwa mara 2,000 kwa sababu ankara ziko 2,000 na kila ankara inaenda databesi peke yake kuuliza jina. Ni sawa na kushusha fuso la machungwa ya Muheza chungwa mojamoja. Na kama databesi yako ni MySQL, usitegemee logi yake ya kwiri nzito (daftari la maswali yanayochukua muda mrefu kwenye databesi) ikusaidie hapo, yenyewe usipoibadilisha inasubiri kwiri ipite sekunde 10 ndo iiandike, sasa hizi kila moja haifiki hata sekunde, zinapita kimyakimya. Dawa yake ni kwiri moja yenye JOIN, inayoleta ankara na majina kwa pamoja, pengine na indeksi (kama faharasa ya kitabu) kwenye safu ya tarehe, halafu unapima tena, maana bila kupima tena umebahatisha tu.

Kwa mafundi wenzetu: kwenye cProfile msichanganye cumtime na tottime. Tottime ni muda wa fanksheni yenyewe tu, cumtime inahesabu na muda wa fanksheni zote zilizoitwa humo ndani, kwa hiyo fanksheni kuu itakuwa juu siku zote hata kama haina kosa lolote.

Profaila nayo inapunguza kasi, Xdebug hasa, kwa hiyo hatuiwashi wateja wamejaa kaunta. Tunachukua bakapu ya data yako, data halisi, sio ankara 20 za majaribio maana kwa 20 kila kitu kinaonekana kinapaa, tunapimia ofisini kwetu. Na tukikuta kweli tatizo ni diski au mtandao tutakwambia hivyohivyo.

Ukija njoo na bakapu, na utuambie kabisa ni kitufe gani ukikibonyeza ndo kinaganda na kama ni muda wote au mwisho wa mwezi tu. "Mfumo wote mzito" haitusaidii sana bosi wangu.