Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Ya mwaka huu mnayajua: misiba tuliyochangia, futari ya pamoja, mapokezi ya wanafunzi wapya, na ile mechi ambayo matokeo yake sina haja ya kuyarudia. Mengine anayo katibu. Mimi nazungumzia lililosemwa sana nikiwa sipo, yaani ziara ya Wat Pho, hekalu la Kibuddha hapa Bangkok.

Imedaiwa kwamba nimetumia fedha za chama kuwapeleka Waislamu na Wakristo kwenye masanamu. Kamati ilipiga kura, muhtasari upo. Hakuna aliyeambiwa awashe hata ubani. Tulivua viatu, basi. Tunaishi Bangkok, watoto wetu wengine wamezaliwa hapa. Wakue bila kuujua mji unaowalea?

Na Wat Pho si hekalu la uchochoroni. Ni hekalu la kifalme la daraja la kwanza, limepakana na kasri la wafalme. Mfalme Rama wa Kwanza, aliyeufanya mji huu kuwa makao makuu mwaka 1782, alilikuta kuukuu, akaanza kulijenga upya mwaka 1788. Sehemu ya majivu yake imehifadhiwa chini ya sanamu kuu. Mpaka leo msimu wa mvua ukiisha, mahekalu ya namna hii hupelekewa mavazi ya watawa kwa jina la mfalme. Sanamu nyingine, ya Buddha aliyelala, mita 46 kwa urefu na 15 kwenda juu, iliwekwa na Rama wa Tatu. Wengi wenu mlipiga picha hapo, mkaishia hapo.

Nilichotaka watoto waone ni kuta. Rama wa Tatu aliamuru elimu ya tiba, ushairi na mengine ichongwe kwenye mawe, asome yeyote. Ndiyo maana Wathai huliita chuo kikuu chao cha kwanza, na mwaka 2011 UNESCO iliyaingiza maandishi hayo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Shule ya kukanda mwili ipo hapo tangu 1955, na dada zetu wawili wamejiandikisha baada ya ziara. Hilo kwenye kundi la WhatsApp sikuliona likisemwa.

Ziara iligharimu baht 14,200, na gari la pili nililipa mwenyewe, wala sikudai. Ada ambazo hazijalipwa ni baht 61,000. Kati ya wanachama 70 wamelipa 26, na waliopaza sauti zaidi majina yao siyaoni kwenye daftari. Leo akidi imetimia baada ya saa nzima na nusu ya kusubiriana. Chama gani hiki?

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kupata mahali pa kudumu pa kukutania, na pengine darasa la Kiswahili kwa watoto. Kamati italiangalia.

Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi.