Kwa mdogo wangu aliyefuta nyimbo zote za kidunia

Mdogo wangu,

Uliponiandikia kwamba umefuta nyimbo zote za kidunia kwenye simu ukabakiza za Injili tu, sikuwa na neno. Kama dhamiri ilikusukuma, ulifanya vyema. Warumi 14 inasema aliye na shaka, akila, amehukumiwa. Ila sura hiyohiyo inamkataza asiyekula kumhukumu anayekula. Nawe ulimalizia kwa kusema anayesikiliza nyimbo hizo hajaokoka. Hapo ndipo tulipoachana.

Fungua Mwanzo 4. Yubali, baba yao wote wapigao kinubi na filimbi, ni wa uzao wa Kaini. Basi muziki haukuanzia hekaluni, na bado ni kwa kinubi Daudi alimtuliza Sauli. Wimbo Ulio Bora nao ni mapenzi mwanzo hadi mwisho. (Najua wapo wanaoufasiri kuwa ni Kristo na Kanisa. Sawa, lakini zile nywele, midomo na matiti havikuingia humo kwa bahati mbaya.) Na ule wimbo wa Ijumaa Kuu kuhusu kichwa cha Yesu kilichovikwa miiba, unaoimbwa makanisa mengi? Tuni yake ni ya Mjerumani Hans Leo Hassler, iliyochapishwa mwaka 1601 ikiwa na maneno ya mwanamume aliyevurugwa akili na mapenzi ya msichana. Mtunzi Bach aliitumia katika muziki wake wa mateso ya Kristo, na hakuna anayetoka kanisani ikipigwa.

Usidhani nakupa ruhusa ya kusikiliza chochote. Mahubiri unayasikia mara moja ukayapima. Kiitikio unakirudia ukioga, ukipika, ukitembea, na hakuna anayekuuliza kama unakiamini. Wimbo unaomfanya mwanamke bidhaa, au unaomcheka aliye mwaminifu kwa mwenzi wake, unafundisha, hata kama wewe unasema umependa mdundo tu.

Lakini pima na hizo ulizobakiza. Baadhi zinaitwa za Injili, kumbe kilichomo ni maadui kuaibishwa na jirani kushangaa utajiri wangu; Yesu katajwa mara moja, tena kama mlipaji. Upande wa pili kuna msanii asiyemtaja Mungu kabisa, anaimba juu ya kibarua aliyedhulumiwa ujira wake, nawe unashikwa na uchungu. Amosi 6 inawakemea watu waliojitungia vinanda kama Daudi huku hawahuzuniki kwa mateso ya Yusufu, yaani ya taifa lao. Niambie, kati ya hizo mbili, ni ipi Amosi angeizima?

Kwa hiyo sikuombi urudishe ulichofuta. Naomba uache kuwapima wenzako wa kwaya kwa nyimbo zilizo kwenye simu zao, hasa yule uliyemsema kwenye barua yako. Na ule wimbo wa sifa unaoupenda kuliko yote, andika maneno yake kwenye karatasi, uyasome bila ala, kisha unitumie. Nami nitakutumia ya wimbo wangu wa kidunia, tusome pamoja.

Kaka yako