Malalamiko: mliniuzia grauti yenye mchanga kwa kaunta ya marumaru

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Mombasa.

KUH: GRAUTI ISIYOFAA MARUMARU ILIYONG'ARISHWA

Nilikuja dukani kwenu na kipande cha marumaru nyeupe, nikamwonyesha mhudumu, nikamweleza kuwa maungio ya kaunta yangu ya jikoni ni membamba, milimita 2 tu. Alinipa grauti, yaani kijazio cha maungio, yenye mchanga, akasema ndiyo yenye nguvu.

Ina nguvu, ndiyo, lakini ni ya maungio mapana yanayozidi milimita 3, hasa ya sakafu. Mchanga wake ni mgumu kupita jiwe lenyewe: kwenye kipimo cha ugumu wa mawe cha Mohs hufika 7, marumaru iko 3. Fundi alipoipangusa kwa sponji, kila chembe ilichora. Jua la asubuhi likipiga kaunta, mikwaruzo yaonekana duara kwa duara, ikifuata mkono wake ulivyopita. Ukipitisha ukucha, waisikia.

Lililoniuma zaidi ni rangi. Nilipewa kijivu kilichokoza, na marumaru hunywa. Hakuna aliyenitajia sila, dawa ya kuzuia jiwe lisinywe, ya kupakwa juu yake kabla ya kujaza, na sasa kingo zimeingia weusi usiotoka. Nilistahili kuuziwa grauti laini isiyo na mchanga, ya rangi inayokaribiana na jiwe. Kando ya sinki ingefaa ya epoksi, yaani ya gundi ngumu badala ya saruji, ijaribiwe kwanza kwenye kipande kilichobaki. Majiko yetu ya Pwani yana manjano na mafuta ya nazi kila siku, na epoksi hainywi madoa.

Nilipopiga simu, niliambiwa nisugue kwa siki. Siki ni asidi, inakula marumaru na kuacha baka lililofifia ambalo kuosha hakuliondoi. Tafadhali, asiambiwe hivyo mteja mwingine.

Naomba mtume mtu aje aione kaunta, kisha mgharamie kuing'oa grauti hiyo, kuling'arisha jiwe upya na kujaza grauti inayofaa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupewa maelezo yatakayomwezesha kunufaika na bidhaa, na ya kufidiwa hasara itokanayo na bidhaa yenye kasoro. Risiti na picha nimeziambatisha. Nangoja jibu lenu kwa maandishi kabla ya siku 14 kwisha.

Wenu mwaminifu,
Mteja wenu wa mtaa wa Tudor