Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: chanjo ya mafua kwa wagonjwa wa moyo iko wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za mwanzo zilipigwa mhuri wa "imepokelewa", na kwa kweli zimepokelewa, maana hazijatoka tena.

Juzi nilikwenda kliniki ya moyo na kadi ya mume wangu, nikauliza chanjo ya homa ya mafua. Muuguzi akacheka. "Mama, hiyo ni ya wasafiri. Tena hizo chanjo ndizo zinazoharibu mioyo." Alisema hayo mbele ya benchi zima la wagonjwa. Nikaona vichwa vinatikiswa kukubali.

Mume wangu alianza mafua Jumapili. Mafua tu, homa na kikohozi. Alhamisi alfajiri akashika kifua. Alipona, kama huku ni kupona: ngazi nane anazipanda kwa vituo viwili. Miaka sita ya kliniki tulihubiriwa chumvi, mafuta, vidonge. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kirusi cha mafua kinaweza kuuangusha moyo. Nimekuja kusoma mwenyewe: utafiti wa Kanada uliochapishwa 2018 ulikuta kuwa katika siku 7 za kwanza baada ya kipimo kuthibitisha homa ya mafua, hatari ya mshtuko wa moyo hupanda takriban mara 6. Siku saba, Mheshimiwa. Wangu alifika ya tano.

Daktari mmoja kijana ndiye aliyenifafanulia. Mwili ukipigana na kirusi, mishipa huvimba, damu huganda upesi, na moyo hukimbizwa wakati hewa ni haba. Mafuta yaliyojishikiza kwenye ukuta wa mshipa yakipasuka, njia inaziba. UVIKO-19 nao hufanya hivyo hivyo.

Muuguzi yule simlaumu sana, alisikia nusu. Ni kweli, tangu 2021 imejulikana kuwa chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna huweza kuvimbisha misuli ya moyo, hasa kwa vijana wa kiume, siku chache baada ya dozi ya pili. Ni nadra, wengi hupona, na kwa ujumla ugonjwa wenyewe huleta uvimbe huo mara nyingi zaidi. Wala si chanjo niliyoiomba! Nadhani wizara yako iliogopa kututisha, ikanyamaza, na uvumi ukapata pa kulala.

Ulituahidi mbele ya kamera, ukiwa na fulana yenye picha ya moyo (ilikupendeza), kwamba chanjo ya mafua itafika kila kliniki ya moyo "kabla ya msimu ujao". Misimu miwili imepita. Au ulikuwa na msimu mwingine akilini? Jaribio lililotangazwa 2021 lilionyesha kuwa waliochanjwa mafua mara tu baada ya mshtuko wa moyo walikufa wachache, ndani ya mwaka mmoja, kuliko waliochomwa sindano isiyo na dawa.

Siombi mashine, siombi jengo. Naomba dozi hiyo iwe kliniki, na awepo mtu wa kuieleza bila kucheka. Dozi hiyo tu, Mheshimiwa.

Jirani yetu ameanza kukohoa tangu jana. Nimefunga dirisha la upande wake. Ndiyo chanjo niliyonayo kwa sasa.

Wako katika kusubiri,
Mke wa mgonjwa