Hedifoni na ampu ya valvu: usichomeke kwenye tundu la spika

Katika nyumba nyingi za kupanga hapa Kisumu, kuanzia Manyatta hadi Nyalenda na Migosi, ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Ampu ya gitaa ya valvu (zile chupa za kioo zinazokuza sauti) ya wati 15, ambayo jukwaani huonekana ndogo, ikiwashwa ndani ya chumba kimoja chenye paa la mabati husikika hadi getini. Na kwa kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za mwaka 2009, ikishapita saa mbili usiku kiwango kinachoruhusiwa kwenye makazi ni desibeli 35, kiwango ambacho hata mazungumzo ya kawaida huyapita. Ndiyo maana wapiga gitaa wanaoleta ampu zao kwenye karakana yetu hutuuliza sana: "Fundi, si nichomeke tu hedifoni pale nyuma?"

Pale nyuma kwenye tundu la spika, hapana. Si kwa dakika moja, na si kwa kuwa volyumu umeishusha. Plagi itaingia vizuri kabisa, kwa sababu tundu la spika na plagi kubwa ya hedifoni vina kipimo kimoja cha milimita 6.35, na zile adapta za kugeuza plagi ndogo kuwa kubwa zinapatikana kila duka la vifaa vya simu. Lakini kuingia si kufaa.

Kinachotokea ndani

Kati ya valvu za nguvu na spika kuna transfoma ya kutolea sauti. Valvu hufanya kazi kwa volti nyingi na mkondo mdogo. Spika hutaka volti chache na mkondo mwingi. Transfoma ndiyo inayowapatanisha. Kwenye ampu ya valvu mbili za EL84, kama vile Fender Blues Junior, spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) huonekana upande wa valvu kama mzigo wa omu elfu kadhaa, na ampu nzima imepangwa kwa kutegemea mzigo huo.

Ukiuondoa mzigo huo, nguvu iliyomo kwenye transfoma haina pa kwenda. Kila unapogusa nyuzi za gitaa, volti upande wa valvu hupanda kupita kiasi ambacho kifaa kimejengewa, kisha hutafuta pa kutorokea: kwenye insulesheni ya nyaya za transfoma, au kati ya pini za soketi ya valvu. Cheche ikiruka kwenye soketi huacha alama nyeusi ya kaboni. Kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo cheche ya pili huruka kwa urahisi kuliko ya kwanza, na ya tatu kwa urahisi zaidi. Ampu inaweza kuvumilia jioni moja kisha ikafa wiki mbili baadaye, katikati ya ibada, na mwenyewe akaapa kwamba siku hiyo hakufanya lolote baya.

Utasema: lakini hedifoni nayo ina koili, si ni mzigo? Ina, ila tazama ukubwa wake. Hedifoni nyingi ni za omu 32, na zile za studio hufika omu 250. Hata hizo za omu 32, kwenye ampu inayotaka omu 8, ni mara nne ya mzigo unaotakiwa. Halafu koili zake zimefungwa kwa waya mwembamba kama unywele, uliotengenezewa sehemu ndogo ya wati moja. Ampu ya wati 15 huukata mara moja. Hapo ndipo ubaya unapoanza, kwa sababu hedifoni iliyokatika koili si mzigo tena. Ampu imebaki bila kitu, nawe husikii chochote, kwa hiyo unafanya anachofanya kila mpiga gitaa asiposikia kitu: unaongeza volyumu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalitarajii. Ampu nyingi za Fender zina tundu la spika linalojilinda: plagi ikitolewa, vyuma vya ndani hugusana na kuifunga njia ya kutokea, ili transfoma isibaki wazi. Kwa muda mfupi, ampu za valvu huvumilia hali hiyo vizuri kuliko zinavyovumilia kubaki bila mzigo. Sasa wewe unapochomeka hedifoni, plagi inavitenganisha vile vyuma na kuondoa ulinzi ambao kiwanda kilikuwekea. Waya wa spika ulioachwa umechomekwa upande wa ampu, huku upande wa pili ukining'inia sakafuni, hufanya kosa hilo hilo.

Anayetoka kwenye ampu za transista, zile zisizo na valvu, hushangaa kusikia haya, na ana sababu. Ampu ya transista haijali kukosa spika. Inachokiogopa ni nyaya kugusana. Ya valvu ni karibu kinyume chake. Kwa hiyo ushauri wa rafiki aliyezoea ampu ya transista unaweza kuwa wa kweli kabisa kwake na ukaiua ya kwako.

Masikio nayo

Tuseme koili haikukatika. Hedifoni nyingi hutoa takriban desibeli 100 zikipewa miliwati 1 tu. Zikipewa wati 1, yaani mara elfu moja, hesabu inafika desibeli 130 ndani ya sikio. Hicho ni kiwango cha maumivu, na kinaweza kukuumiza kabla hujaufikisha mkono kwenye kitufe. Sikio likiharibiwa na kelele, chembe zake za kusikia hazioti tena. Transfoma tutakutafutia nyingine.

Zima ampu

Najua hukusoma hadi hapa ili uambiwe uzime ampu yako. Lakini kwa wateja wetu wengi hili ndilo jibu, na tunalisema tukijua linatunyima kazi.

Fikiria unachopiga. Gitaa la solo la benga hukaa juu, kwenye nyuzi nyembamba, sauti safi isiyo na mkwaruzo. Vidole ndivyo vinavyofanya kazi yote, kufuata yale mapigo ya nyatiti ambayo benga imeyarithi. Sebene ya kanisani ni hivyo hivyo, sauti safi yenye athari ya korasi (inayoinenepesha sauti) kidogo na mwangwi. Raha ya valvu za nguvu zikielemewa, ile inayowafanya watu wa roki na bluzi wasilale, humo haimo. Ukifanya mazoezi ya kupiga safi kwa hedifoni kupitia kifaa kidogo, vidole vyako havitakosa chochote. Siku ya shoo ndiyo utaiwasha ampu.

Vifaa hivyo vipo vya kila namna. Vox amPlug huchomekwa moja kwa moja kwenye gitaa, na hedifoni ikaingia hapo hapo. Fender Mustang Micro na Boss Katana:Go hufanya kazi hiyo kwa sauti za ampu nyingi tofauti. Kama una ampu ndogo ya transista au ya kidijitali yenye tundu la hedifoni, kama Boss Katana 50, umeshamaliza: tundu hilo limetengenezewa hedifoni na hunyamazisha spika lenyewe. Na kama kanisa lina miksa ndogo inayokaa bure siku za wiki, pedali yako ya athari na miksa hiyo vinatosha. Zaidi ya hayo, valvu zako hazichakai, na tokeni za stima haziishi kwa ajili ya skeli za C; ampu ya valvu huvuta umeme muda wote iko moto, hata usipogusa uzi.

Hedifoni yenyewe iwe ya waya. Tunalisisitiza hili kwa sababu kila mtu siku hizi ana ya Bluetooth. Ile ya kawaida huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Kwa kusikiliza nyimbo huoni tofauti, lakini ukipiga gitaa unagusa uzi na noti inakuja baadaye. Baada ya muda unaanza kupiga mbele ya mdundo bila kujua, na mpiga ngoma wenu atakuwa wa kwanza kukwambia.

Kama ni lazima iwe ampu yenyewe

Wapo wanaohitaji kweli, hasa wanaorekodi nyumbani. Njia ya bei nafuu ni lupu ya athari (matundu ya kuunganishia pedali katikati ya ampu), kama ampu yako inayo. Fender Hot Rod Deluxe, kwa mfano, ina tundu la kutolea sauti ya hatua ya kwanza na jingine la kurudishia kwenye hatua ya nguvu. Unatoa sauti kwenye lile la kutolea, unaipeleka kwenye miksa, na hedifoni inachomekwa kwenye miksa. Kwenye lupu za mfululizo, yaani zile ambazo sauti yote hupitia humo, plagi tupu iliyochomekwa kwenye tundu la kurudishia hukata sauti isifike kwenye valvu za nguvu, na spika inanyamaza. Spika haitolewi. Inabaki imechomekwa ingawa haitoi sauti. Blues Junior haina lupu, kwa hiyo njia hii haiwezekani kwayo.

Njia ya pili ni boksi la mzigo, yaani kifaa kinachochukua nafasi ya spika, kikaigeuza nguvu ya ampu kuwa joto, na kikatoa sauti ndogo ya kupeleka kwingine. Two Notes Torpedo Captor X ni mojawapo, na ina tundu lake la hedifoni. Ile Captor ya kawaida haina, itabidi uwe na miksa au kifaa cha kurekodia. Mambo mawili yaangaliwe kabla ya kununua: omu za boksi zilingane na za ampu, na wati zake zizidi za ampu kwa nafasi nzuri. Ampu inayoitwa ya wati 15, ikielemewa kabisa, hutoa zaidi ya hizo. Bei ya boksi zuri inaweza kukaribia ya ampu iliyotumika, kwa hiyo ulizia kwanza.

Tunatengeneza pia boksi la mzigo la kawaida, kwa rezista ya waya ya omu 8 ya wati 100 iliyobanwa kwenye bati nene la alumini la kupozea. Kwa ampu isiyozidi wati 40 linatosha. Linalinda transfoma sawasawa, ila lina upungufu wake. Spika halisi hubadilisha omu zake kufuatana na noti unayopiga. Rezista haibadiliki, ndiyo maana ampu huhisiwa imekauka kidogo chini ya vidole. Pia hedifoni haichomekwi kwenye boksi letu. Kuna tundu dogo la kupeleka miksa, na hedifoni huanzia hapo. Boksi hupata moto, kwa hiyo lisiwekwe juu ya godoro wala kufunikwa na pazia.

Kwa njia zote hizi mbili, tarajia kwamba sauti ya kwanza itakuudhi. Spika ya gitaa haitoi kitu cha maana juu ya hezi 5,000 hivi, ilhali hedifoni hufika 20,000. Mikwaruzo ambayo spika huimeza, hedifoni inakuletea yote, hasa ukitumia mkwaruzo mzito. Shusha trebo kwenye miksa sana, au tumia programu ya kuiga kabineti (sanduku la spika) kwenye kompyuta. Captor X inayo ndani yake. Ampu haijaharibika.

Volyumu nayo: Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4. Anza na kitufe kikiwa sifuri, vaa hedifoni, kisha panda polepole. Mtu akikuita kutoka mlangoni usimsikie, umepita, isipokuwa kama hedifoni yako ni ya kufunika sikio lote.

Kazi tunazofanya, na moja tunayoikataa

Tunapima transfoma ya kutolea, tunasafisha au kubadilisha soketi zilizoungua, na tunabadilisha matundu ya spika yaliyolegea, ambayo huua ampu nyingi kuliko watu wanavyodhani: spika imechomekwa, lakini tundu haligusi. Tunatengeneza boksi la mzigo kwa kipimo cha ampu yako. Bei tunakutajia kabla ya kufungua skrubu ya kwanza.

Hatutoboi ampu ya valvu ili kuongeza tundu la hedifoni. Tumeombwa mara nyingi, na inawezekana kitaalamu, lakini siku ampu hiyo itakapouzwa, mnunuzi hatajua ni nani aliyelifunga wala kwa rezista gani, na yeye ndiye atakayeivaa hedifoni. Nawe usijaribu kuifungua nyumbani. Ndani mna volti 300 hadi 500, na kapasita huzihifadhi hata baada ya plagi kutoka ukutani.

Ukija, leta ampu pamoja na spika yake na waya wa spika ule ule unaoutumia, kwa maana mara nyingine waya ndio mgonjwa. Tuambie kama ilitoka Marekani na unaitumia na transfoma ya kushusha volti 240 hadi 120. Kama uliwahi kuchomeka hedifoni, sema tu. Itatuokolea nusu siku ya kutafuta, nawe gharama. Na kama unaileta kwa bodaboda, iache ipoe nusu saa kwanza, kwa sababu valvu ikiwa moto nyaya zake za ndani huwa laini, na matuta ya barabara ya Kondele hayazionei huruma.