Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanachama wa Chama cha Kulenga Shabaha, Tanga, kwa Kipindi cha Januari hadi Desemba 2024

Ndugu Makamu Mwenyekiti, ndugu Katibu, ndugu Mweka Hazina, na ndugu wanachama mliojaliwa kufika, Assalaam alaykum, na amani iwe kwenu nyote.

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo sitazirefusha. Mazoezi ya kulenga shabaha yalifanyika kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, isipokuwa Aprili na Mei ambapo masika hayakuturuhusu. Kiwanja kilifyekwa mara tatu. Vitabu vya leseni vya wanachama vilikaguliwa. Na tarehe 4 Novemba tulizuru makaburi ya vita, kama ilivyo desturi yetu, kukumbuka mapigano ya Waingereza na Wajerumani hapa Tanga ya mwaka 1914. Makaburini tulikuwa watu tisa, na mmoja wao alikuwa dereva.

Linaloniomba muda wenu ni suala la bastola ya Webley, na uamuzi nilioufanya mwezi Mei wa kusimamisha ununuzi wa mashine ya kujazia risasi upya, yaani kutia fataki, baruti na kichwa kipya katika ganda lililokwishatumika, ununuzi ambao mkutano mkuu uliopita uliupitisha kwa kura. Nimesikia mengi tangu siku hiyo. Wako waliosema kwamba mwenyekiti amezila fedha, na wako waliosema kwamba mwenyekiti anaogopa baruti. La kwanza litajibiwa na vitabu vya Mweka Hazina, ambavyo viko mezani na kila mtu anaruhusiwa kuvifungua. La pili nalikubali, wala sioni aibu.

Kwa faida ya wanachama wapya naeleza kwamba bastola hiyo ni Webley Mk VI, aina iliyopitishwa na jeshi la Uingereza mwaka 1915, na ilikabidhiwa kwa chama na familia ya aliyekuwa meneja wa shamba la mkonge, kwa kufuata taratibu zote za polisi, ambazo mimi binafsi nilizifuatilia kwa miezi saba nikitumia nauli yangu mwenyewe. Inakula risasi ya .455, yaani kipenyo chake kwa inchi, ambayo Waingereza walianza kuipa kisogo mwaka 1932 walipoingia kwenye bastola ya .38, na mwaka 1947 wakaitangaza kuwa imepitwa na wakati. Kiwanda cha Fiocchi cha Italia bado kinaitengeneza, lakini kutoka huko hadi Chumbageni kuna vibali, wakala na meli, na makadirio tuliyopewa kwa kisanduku kimoja cha risasi 50 yaliwafanya wajumbe wa kamati wacheke.

Risasi tulizokuja nazo pamoja na bastola zilikuwa 31, zote zikiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini. Mnakumbuka siku ya mazoezi ya Novemba 2023, tulipojaribu kumi na mbili kati ya hizo: tano hazikulia kabisa, na moja kati ya zilizolia ilitoa mlio kama wa chupa ya soda inayofunguliwa, na shabaha haikuguswa. Mpigaji alikuwa ameshaanza kuvuta kifyatulio kwa ajili ya risasi ya pili. Ni mimi niliyepiga kelele aiweke chini, na tulipoifungua bastola tukakuta kichwa cha risasi kimekwama katikati ya mtutu. Laiti ya pili ingetoka nyuma ya ile, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Jambo hili nalitaja si kwa kujisifu, bali kwa sababu haliko kwenye kumbukumbu za Katibu.

Ni kutokana na tukio hilo ndipo wanachama mkaona kwamba dawa ni kujaza risasi zetu wenyewe, na mkachanga shilingi 2,400,000 kwa ajili ya mashine, vyuma vyake na mizani. Nia ilikuwa njema. Lakini baada ya mkutano nilikaa na wanaolijua jambo hili, nikasoma, nikauliza, na haya ndiyo niliyoyakuta.

La kwanza ni sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inatofautisha mtu mwenye leseni ya kumiliki silaha na mtu mwenye ruhusa ya kutengeneza risasi, na hakuna hata mmoja wetu mwenye ruhusa hiyo ya pili. Waliosema kwamba kujaza ganda lililokwishatumika si kutengeneza bali ni kukarabati, naomba waende kituoni wakaieleze hoja hiyo wao wenyewe, bila kutaja jina la chama.

La pili ni ganda. Maganda ya .455 hatuna zaidi ya yale saba yaliyolia, na fataki zake, yaani vile vidude vya kitakoni vinavyowasha baruti, ni za kizamani. Pendekezo la kutumia maganda ya .45 Colt, risasi ya Kimarekani, lina msingi, kwa maana unene wa mwili wake unakaribiana na wa .455, ila ni marefu mno, na ukingo wa kitako ni mnene, hivyo kila moja lazima likatwe na kukerezwa, tena kwa vipimo ambavyo unywele mmoja ni kosa. Fundi wa kukereza tuliyemwendea Ngamiani ni hodari wa shafti za mashine za kusaga, na alikuwa mkweli kiasi cha kutuambia kwamba kazi hii hataigusa.

La tatu ni kichwa. Risasi hii hutumia kichwa kizito cha madini laini ya risasi, gramu 17 hivi, chenye shimo kitakoni ili moshi wa baruti ukitanue kishike mifereji ya ndani ya mtutu, kwa kuwa katika Webley nyingi matundu ya mbele ya silinda, ile inayozunguka na kubeba risasi, ni membamba kuliko mtutu wenyewe. Waliojitolea kuyeyusha chubwi za wavuvi wa Sahare nawashukuru, lakini hakuna ajuaye katika chubwi moja kumechanganywa nini.

La nne, na ndilo lililonikosesha usingizi, ni baruti. Waingereza walilifupisha ganda hili mwaka 1897 kwa sababu kordaiti, baruti yao ya wakati ule, ilikuwa inaungua vizuri zaidi katika nafasi ndogo. Sasa katika nafasi ndogo kama hiyo, kichwa kikizama kidogo tu kuliko inavyotakiwa, shinikizo hupanda. Na kipimo cha baruti ya kisasa ni kidogo mno, kiasi kwamba mtu akipigiwa simu katikati ya kazi anaweza kutia mara mbili asijue, au asitie kabisa, kisha fataki peke yake ikasukuma kichwa hadi katikati ya mtutu. Yaani tungetoa shilingi milioni mbili na laki nne kununua tukio lilelile la Novemba. Mchuma janga hula na wa kwao, na mezani pale angekuwa mmoja ila uwanjani tungekuwa wengi.

Kuhusu wazo la kuinyoa silinda nyuma ili ipokee risasi za Kimarekani za .45 ACP zilizoshikwa na vibanio, kama walivyofanya wengi Marekani, nilikataa na ninaendelea kukataa. Risasi hiyo inaruhusiwa kufikia shinikizo la pauni 21,000 kwa inchi ya mraba, na bastola yetu ilijengwa kwa risasi ya pauni 13,000 hivi. Ndugu mwanachama aliyekuwa ameshaichukua silinda kwenda nayo mjini kwa ajili hiyo aliirudisha usiku uleule nilipompigia, na jambo hilo limekwisha.

Niruhusuni jambo moja la kando. Januari 1915, kule Jasini, Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, alishinda akatumia risasi 200,000, kisha akapiga hesabu akaona kwamba kwa matumizi ya namna hiyo anaweza kupigana mara tatu tu zaidi, akabadili mbinu zote za vita. Mtu aliyeokota risasi 600,000 za Waingereza hapa Tanga miezi miwili kabla alijua kuhesabu zilizobaki. Sisi tunazo kumi na tisa, na hatuna hakika hata na moja.

Fedha hazikukaa bure. Masika yaliubomoa ukuta wa udongo wa kupokelea risasi, na bila ukuta hakuna kiwanja. Nikaidhinisha shilingi 1,850,000 za ukuta na paa la banda, na zilizobaki 550,000 ziko benki. Ni kweli kwamba mkutano haukufanyika kuidhinisha hilo. Niliitisha mara mbili, Mei na Juni, na mara zote mbili akidi haikutimia. Mara ya pili tulikuja sita, tukanywa kahawa, tukarudi makwetu.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Wanachama ni 43, ada ni shilingi 60,000 kwa mwaka, na waliolipa ni 17, ndiyo kusema tumepokea 1,020,000 badala ya 2,580,000. Nimeipitia orodha ya waliolalamika kwa sauti kubwa kuhusu mashine, na wengi wao siwaoni katika daftari la risiti. Sitataja majina, ingawa Mweka Hazina anayo.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuangalia uwezekano wa kuungana na chama kingine kuagiza kisanduku kimoja kwa njia halali, na pia kutengeneza risasi sita za maonyesho zisizo na baruti wala fataki, ili vijana waoneshwe jinsi bastola inavyofunguka katikati na kutema maganda yote kwa pamoja. Gharama bado hatujaijua.

Webley imefungwa kwenye sefu ya chama, ikiwa imesafishwa na kupakwa mafuta, na funguo ziko mbili, moja kwangu na moja kwa Katibu. Mwanachama anayetaka kuiona aje na risiti ya ada ya 2024.

Mwenyekiti