Kabla hujapanda basi la Dodoma

Mwanangu Hamisi,

Assalam alaykum. Habari ya kazi nimeipata, alhamdulillah. Nimemwambia kila aliyepita hapa barazani, hata muuza samaki ambaye hakuuliza. Ila simu yako ya Jumapili haijanitoka. Mtu hata hajaripoti kazini, keshaanza kunung'unikia cheo! Ulisema ukimaliza kidato cha sita utatulia. Ikawa chuo, ikawa ajira. Sasa ni shahada ya pili. Utatulia lini, baba?

Hata ya huku unauliza neno moja tu: "Mnada wa korosho umekwendaje?" Bei haipangwi hapa Newala, wewe unajua. Mwaka 2018 wanunuzi walileta bei ya chini, wakulima tukagoma, mpaka serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo. Ningekuwa naishi kwa kungoja mnada, presha ingeshaniua. Raha yangu mimi ni mwezi wa sita, alfajiri, tunapopuliza salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho. Umande bado uko kwenye majani, upepo haujaanza, ndipo unga unashika. Siku zikipita nikainamisha tawi, nikakuta shada la maua safi, halina ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoharibu maua, siku hiyo nakula nikashiba, na korosho hata moja haijaanguka. Baba yako hunicheka, anasema maua hayapokelewi ghalani. Acheke.

Sasa niambie, huko utafanya nini hasa? Mshahara umenitajia, cheo umenitajia, kazi yenyewe sijaisikia. Hiyo barabara mnaipimaje? Kipi ndani yake kinakusahaulisha kula? Kama hakipo, nieleze pia, nijue. Na nani alikuwa wa kwanza kukuuliza "umekuwa wa ngapi?" kila shule ikifungwa, usinikumbushe.

Sijasema usisome. Soma, ada tutasaidiana Mungu akijalia. Lakini huo mwaka wa kwanza kazini usiupitishe ukihesabu ya mbele. Utatulia lini?

Tangi limepasuka, maji tunanunua kwa ndoo tena. Ukipata mshahara usianze kutuma, nunua kwanza godoro. Chukua na sweta, Dodoma usiku kuna baridi. Korosho nilizobangua nimezifunga kwenye ndoo ndogo, usizigawe zote kwenye basi kama kawaida yako. Shati lako la kijani nimempa mjomba wako avae harusini. Usilidai.

Mama yako